Daftari la zamu za maji: kisa cha mpiga dawa wa Lushoto

Kwanza

Mzee ninayemweleza hapa ameridhia kisa chake kiandikwe, na mkewe na watoto wake pia. Nimeficha jina, kijiji na miaka, na nimebadilisha vitu vidogo ambavyo jirani angeweza kumtambulia. Nitamwita Mzee K. Ni kisa cha mkulima aliyepiga dawa za shambani miaka mingi, akapata Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mkono na kukakamaza mwili. Mimi ni afisa tabibu katika zahanati ya Tanga mjini, si bingwa wa ubongo. Nimewaandikia wenzangu wanaoona wagonjwa katika vyumba kama changu, na mabwana shamba na mabibi shamba, kwa sababu katika kisa hiki kazi yao ilikuwa nzito kuliko yangu.

Usuli

Mzee K. alikuwa na miaka 58 alipofika kwangu. Tangu ujana wake analima nyanya, kabichi na hoho katika bonde moja la Lushoto. Anayeyajua mabonde yale anaijua hali yake: maji ya mfereji kwa zamu, vishamba vilivyokatwa vipande vipande, na magari yanayopakia matenga jioni ili yawahi soko la Dar es Salaam alfajiri. Masika yakikaza na unyevu ukilala juu ya majani, bakajani huingia. Mkulima aliyekosa kupiga dawa wiki moja anaweza kukuta shamba limenyauka kama lililomwagiwa maji ya moto, na mkopo wa mbegu bado haujalipwa. Basi hupiga. Akiona wingu, hupiga tena.

Mzee K. alipiga mwenyewe kwa zaidi ya miaka 20, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa mzuri, wenzake walimwita awapigie na ya kwao. Alikuwa pia katibu wa kikundi cha umwagiliaji, ndiye aliyeandika daftari la zamu za maji: nani anafungua mfereji siku gani, saa ngapi mpaka saa ngapi. Daftari hilo litarudi mbele.

Yaliyotokea kabla hajafika kwangu

Kilichotangulia ni pua. Aliacha kusikia harufu ya dawa anayoichanganya, kisha harufu ya kahawa, kisha ya mchuzi. Wenzake wakasema pua imezoea. Halafu ikaja shida ya usiku: alikuwa anapiga kelele na kurusha mateke usingizini, akiota anafukuza wezi wa nyanya, mpaka mkewe akahamia kitanda cha pili. Choo kikawa kigumu. Bega la kulia likaanza kuuma, akachuliwa kwa mafuta, akachomwa sindano za baridi yabisi, likawa vilevile.

Mwisho kidole. Gumba na kidole cha shahada vya mkono wa kulia vilikuwa vinasuguana vyenyewe akiwa ametulia. Msikitini watu walidhani anavuta tasbihi. Imamu alimuuliza kwa upole baada ya sala ya Ijumaa mbona anavuta tasbihi wakati wa hotuba, na mzee akajibu, "Si mimi, ni mkono."

Kituo cha kwanza alichokwenda waliona ni kiharusi kidogo, wakampa aspirini. Kituo cha pili alilalamikia kizunguzungu, akapewa vidonge vya sinarizini, akaendelea kuvinunua mwenyewe dukani kwa miezi minane. Upande wa ukoo kulikuwa na waliosema ni mkono wa mtu, kwa sababu ya ugomvi wa zamani wa mpaka, na mbuzi wawili walikwenda huko. Kwa jumla ilipita miaka miwili. Katika miaka hiyo miwili hakuna aliyemuuliza kazi yake ni nini na anaifanyaje. Nasema hivi bila kumlaumu mtu, kwa sababu nami siku ya kwanza niliandika "mkulima" kwenye kadi, nikaendelea na swali lililofuata.

Siku ya kwanza, na daftari

Aliletwa na binti yake anayeishi Tanga. "Sahani inamponyoka baba," alisema. "Na akitembea mkono mmoja haumfuati."

Nilimwamkia mzee, akaitikia kwa sauti ndogo ambayo binti alisema si ya kwake. Uso ulikuwa umetulia kupita kiasi, kama wa mtu anayesikiliza redio ya mbali. Mkono ulitetemeka ukiwa juu ya paja, lakini alipounyoosha kuchukua kikombe ukatulia. Hilo ni jambo la kuangalia: mtetemeko wa kawaida wa uzee au wa kurithi huzidi mkono unapofanya kazi, huu hupungua. Nikamwambia agonganishe gumba na kidole cha shahada haraka haraka. Alianza vizuri, kisha mpigo ukawa mdogo, mdogo zaidi, ukakwama. Nilipoukunja na kuukunjua mkono wake kwenye kiwiko, uliachia kwa vituo vituo, kama gurudumu lenye meno.

Nikampa karatasi aandike sentensi yoyote. Aliandika "Zamu ya Jumanne ni mfereji wa juu", na herufi za mwisho zilikuwa kama sisimizi. Binti akasema, "Lakini baba ana hati nzuri, yeye ndiye katibu." Nikaomba daftari. Wiki iliyofuata likashuka na basi, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni, lina tope la bondeni kwenye kona.

Nililifungua juu ya meza na kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Miaka mitano nyuma herufi zilijaza mstari, mkono wa mtu aliyefundishwa shule ya msingi ya zamani. Kisha, bila siku moja unayoweza kuinyooshea kidole, zikaanza kupungua. Kwanza mwisho wa mstari tu. Baadaye mstari mzima. Ukurasa mmoja ulikuwa na wino uliokozwa mara mbili, alipojilazimisha kuandika kubwa. Mabadiliko yalianza mwaka mzima kabla ya kidole kutetemeka. Hakuna kipimo nilichokuwa nacho zahanati kingeweza kunionyesha hilo.

Uamuzi wa kwanza: kuacha kidonge kabla ya kuongeza kingine

Nilimwambia binti alete dawa zote zilizoko nyumbani. Alileta mfuko mzima, na ndani yake mlikuwa na sinarizini. Dawa hii inaweza kuzuia vipokezi vya dopamini, kemikali ya ubongo inayoendesha mwendo, na kwa mtu wa makamo na mzee inaweza kuleta dalili zinazofanana kabisa na za Parkinson. Haiko peke yake: metoklopramidi ya kutapika na haloperidoli ya wagonjwa wa akili nazo ni hivyo. Mtu akipewa moja ya hizo kisha akaanza kukakamaa, kosa kubwa ni kumuongezea dawa ya kukakamaa.

Nikaamua kuiacha na kusubiri miezi mitatu, huku nikimwandikia rufaa kwa bingwa. Ugumu ulipungua kidogo. Mtetemeko ulibaki, hati ilibaki, na pua haikurudi. Pua, usingizi na choo vilianza kabla ya sinarizini, kwa hiyo dawa ile ilikuwa imeongeza mzigo juu ya ugonjwa uliokuwepo. Picha ya ubongo haikuonyesha kiharusi. Bingwa alithibitisha: ugonjwa wa Parkinson.

Uamuzi wa pili: kuuliza kazi

Swali la kazi nililiuliza katika ziara ya tatu, na nililiuliza kwa sababu mzee mwenyewe alitaja bomba. Alikuwa analalamika kwamba hawezi tena kulifunga mgongoni.

"Linavuja, mzee?"

"Mabomba yote yanavuja, mwanangu. Mgongo ukilowa ndiyo unajua umefanya kazi."

Nikaacha kuandika, nikamwomba anieleze siku moja ya kupiga dawa tangu anaamka. Nakumbuka aliinuka kunionyesha. Alimimina dawa ya ukungu, ambayo ilikuwa mankozebu, na ya wadudu, ya jamii ya oganofosfati, kwenye ndoo moja ili asipige mara mbili. Alikoroga kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu unga hujishika chini na mti hauufikii. Nozeli ikiziba aliifungua na kuipuliza kwa mdomo. Shati lilikuwa la siku zote; jioni mkewe alilifua pamoja na nguo za wajukuu. Chupa zilikaa chini ya kitanda, mahali salama dhidi ya wezi. Na kwa kusafisha kingo na kuandaa shamba, kwa miaka mingi alitumia dawa ya majani ambayo kibandiko cha chupa ya zamani aliyokuwa nayo kilionyesha ni parakwati. Umoja wa Ulaya uliiondoa parakwati sokoni mwake mwaka 2007.

Dawa nyingi ya shambani humwingia mpigaji kupitia ngozi, si pua. Mikono ndiyo inayokutana na dawa ikiwa bado haijazimuliwa, na mgongo ndio unaoloweka kwa saa nzima. Barakoa ya kitambaa anayofunga usoni huwafariji watu, lakini mlango ulio wazi uko kwenye viganja.

Sumu hizi zinafanya nini ndani ya seli

Bingwa aliniomba nimweleze mzee kwa lugha yake, na hivi ndivyo nilivyomweleza.

Katikati ya ubongo kuna kiraka cha seli chenye rangi nyeusi. Seli zake hutengeneza dopamini, na dopamini ndiyo inayoruhusu mkono kuanza safari na kuimaliza. Ni seli chache zenye kazi kubwa: kila moja imetoa matawi mengi mno, inapiga mapigo yake bila kupumzika, na dopamini yenyewe ikiharibika ndani yake huwa sumu. Kwa hiyo zinaishi ukingoni. Ndani ya kila seli kuna vinu vya kutengeneza nguvu, mitokondria. Rotenoni, sumu ya wadudu itokanayo na mimea, hukata mkanda wa kinu. Parakwati huacha kinu kikizunguka lakini kikirusha cheche, na cheche hizo huunguza mafuta na protini za seli. Seli nyingine za mwili zina akiba ya kuvumilia. Hizi hazina. Mtu anapoanza kutetemeka, kwa makadirio ya kawaida nusu ya seli hizo au zaidi zimekwisha kufa.

Tulijuaje? Mwaka 1982 huko California, vijana waliojidunga heroini bandia iliyochanganyika na kemikali iitwayo MPTP waliganda kama wagonjwa wa Parkinson wa miaka mingi. Ilikuja kuonekana kwamba MPTP ikifika ubongoni hugeuka kuwa kitu kingine, na kitu hicho hukisimamisha kinu cha seli zilezile za dopamini. Umbo lake linafanana sana na la parakwati. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa panya rotenoni kidogo kidogo kwa muda mrefu, wakapata uharibifu unaofanana. Mwaka 2011 ukachapishwa utafiti wa wakulima na wapiga dawa wa Iowa na North Carolina: waliotumia rotenoni au parakwati walikuwa na uwezekano wa kupata Parkinson karibu mara 2.5 ya wasiotumia. Huko California, watu walioishi ndani ya mita 500 za mashamba yaliyopigwa parakwati pamoja na manebu, ndugu wa mankozebu, walionekana kuwa na hatari zaidi kwa asilimia 75. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: tangu 2012 Parkinson kwa mkulima aliyetumia viuatilifu inatambuliwa kisheria kuwa ugonjwa wa kazi.

Mdogo wake Mzee K. alikuwa amekaa pembeni siku hiyo, akauliza swali ambalo kila mtu huuliza: "Mbona mimi nimepiga naye miaka yote na sijaugua?" Ni swali zuri. Miili haifanani katika kuvunja sumu; kuna kimeng'enya cha damu kiitwacho paraoksonesi kinachosaidia kuzivunja baadhi ya oganofosfati, na watu wamerithi chenye kasi au kizito. Umri, jeni nyingine, maji ya kunywa, vyote vina mchango. Nikawaambia wazi: siwezi kuapa kwamba parakwati ndiyo iliyomwuguza Mzee K. Kwa mgonjwa mmoja hakuna anayeweza. Lakini mtoto wake wa kiume, ambaye sasa ndiye anayebeba bomba, ana mgongo wa familia ileile, na seli zake bado zipo.

Nadhani kuanzia hapo kisa kilikuwa na wagonjwa wawili, mmoja akiwa hajaugua.

Uamuzi wa tatu: dawa ya mzee

Bingwa alimwanzishia levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, pamoja na kabidopa inayoisaidia ifike ubongoni, kwa dozi ndogo, ikapandishwa taratibu. Nilifikiria triheksifenidili, dawa nyingine ya Parkinson, ambayo hupatikana kwa urahisi, lakini kwa mtu wa umri wake huleta usahaulifu, choo kigumu zaidi na shida ya mkojo, na choo tayari kilikuwa shida. Nilimfundisha kumeza nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu maharage, nyama na maziwa hugombania mlango mmoja na dawa hii.

Binti alikuwa amekwisha nunua makopo ya "virutubisho vya kulinda neva", fedha nyingi kuliko levodopa ya miezi minne. Nilisita kumwambia, kwa sababu alinunua kwa mapenzi. Nikamwambia hata hivyo. Vitamini E kwa dozi kubwa ilijaribiwa kwa wagonjwa 800 na majibu yakatoka 1993: haikuzuia ugonjwa kuendelea. Koenzaimu Q10 ilijaribiwa, kreatini ikajaribiwa, zote kwa sababu nzuri za kinadharia kuhusu mitokondria, na zote zikashindwa. Mpaka sasa hakuna kidonge kilichothibitishwa kulinda seli hizi kwa binadamu. Levodopa hurudisha mwendo, hairudishi seli. Kilicho na dalili nzuri ni mazoezi ya kumtoa mtu jasho, na mzee anakaa mlimani, njia ni yake: kupanda mpaka msikitini na kushuka kila siku, kwa hatua ndefu, mikono akiizungusha kwa makusudi.

Fedha za makopo zilikwenda kununua raba za bomba, glavu na ovaroli.

Uamuzi wa nne: bonde

Kazi hii niliikabidhi kwa bwana shamba wa kata, nami nikawa msaidizi. Nilitaka kuanza na vifaa vya kujikinga. Yeye alikataa, na alikuwa sahihi. Alisema anza na kupunguza sumu yenyewe, maana glavu hutoboka lakini dawa isiyopigwa haimdhuru mtu.

Dawa ya majani ilitoka kwanza. Kingo zikarudi kwa jembe, matuta yakafunikwa kwa matandazo ya nyasi. Kisha ratiba: badala ya kila wiki potelea mbali, kijana wa Mzee K. alikagua mistari mitano mara mbili kwa wiki, akatoa majani ya chini yanayogusa udongo, akasimika miti na kupanua nafasi ili upepo upite. Msimu wa kwanza alipiga mara 14, wa tatu mara 9, akavuna vizuri misimu yote miwili ila upande mmoja wa shamba ulioungua masika. Kuchanganya dawa mbili bila maelekezo kukaachwa. Panya waliopewa parakwati na manebu kwa pamoja waliumia kuliko waliopewa moja peke yake.

Ndipo vikaja vifaa. Bomba likabadilishwa raba na mfuniko, na kipande cha nailoni nene kikaning'inizwa mgongoni chini yake. Glavu za naitraili, za kiganja kirefu, zivaliwe kabla ya kufungua chupa. Glavu za kitambaa ni mbaya kuliko mkono mtupu, kwa sababu hunywa dawa na kuikumbatia ngozi. Suruali juu ya buti, si ndani. Mti mrefu wa kukorogea ukafungwa kwenye ndoo kwa kamba usipotee. Nozeli ikiziba, bua la nyasi. Nguo za dawa beseni lake, na mkewe mzee naye akapewa glavu, jambo ambalo sisi wanaume wote watatu tulilisahau mpaka yeye alipouliza, "Na mimi ninayefua?"

Glavu zina ushahidi wake. Katika kundi lilelile la wakulima wa Marekani, uchambuzi wa 2015 ulionyesha kuwa uhusiano kati ya parakwati na Parkinson ulionekana kwa wale ambao hawakuzivaa mara nyingi.

Kijana alikuja na wazo la kuhamia dawa ya asili: kutwanga majani ya utupa. Nilishtuka kidogo, kwa sababu nilikuwa nimetoka kusoma habari za wale panya wa rotenoni. Utupa, ambao wazee waliutumia kulewesha samaki mtoni, una rotenoni na ndugu zake. Samaki hulewa kwa sababu kinu cha seli zake kimesimama. Dawa hiyo huvunjika upesi juani, na hilo ni zuri kwa mlaji, lakini anayetwanga debe zima kwa mikono mitupu yuko kwenye hali ileile ya baba yake. Tulikubaliana: akiutumia, ni kwa glavu na nguo zilezile, na kamwe asioshee vyombo mferejini.

Ajabu ni kwamba kwenye kichaka hichohicho huota upupu, na mbegu za upupu zina levodopa ya kweli. Majaribio ya wagonjwa, yakiwemo ya Bolivia yaliyochapishwa 2017, yalionyesha unga wake unafanya kazi. Mzee aliposikia alitaka kuacha vidonge. Nilimkatalia: mbegu ya mti huu na ya mti ule hazilingani nguvu, hakuna kabidopa ndani yake, na kuchanganya na vidonge bila kipimo kunaweza kumwangusha kwa kushuka presha au kumletea njozi za mchana.

Matokeo

Miezi kumi na minane baadaye Mzee K. anafunga vifungo vya shati mwenyewe, anakwenda msikitini, na saa moja baada ya kidonge sauti yake inasikika mpaka jikoni. Pua haijarudi. Kabla ya dozi inayofuata mkono huanza tena. Ugonjwa unaendelea, taratibu.

Mtoto wake ana afya. Hilo halithibitishi chochote, kwa sababu ugonjwa huu huchukua miaka mingi kujitokeza.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Daftari lilifaa kuliko kipimo chochote. Sasa namuuliza kila mgonjwa wa mtetemeko kama ana maandishi ya zamani: daftari la madeni, kadi za michango ya harusi, chochote chenye tarehe. Mwingine asiyeandika, namuuliza kuhusu kifungo, sindano, kupepeta mchele.

Kuacha sinarizini kulikuwa uamuzi sahihi, ila miezi mitatu ya kusubiri ningeitumia vizuri zaidi. Swali la kazi lingeulizwa siku ya kwanza, bomba lingetengenezwa msimu ule, si uliofuata. Rufaa na shamba havikuhitaji kungojana.

Ramadhani ilinikuta sijajiandaa. Sikumuuliza, naye hakuniambia. Alikata dozi za mchana, akabaki na ya futari na ya daku, na siku ya nne aliganda mlangoni mwa msikiti, miguu imeng'ang'ania kizingiti, akaanguka na kupasuka nyusi. Levodopa haikatwi ghafla. Tulikaa watatu, mimi, binti na imamu, na imamu ndiye aliyemaliza shauri kwa kumkumbusha mzee ruhusa ya mgonjwa na kulisha maskini kwa kila siku anayokula. Mimi ningemwambia mara kumi asingenisikia. Tangu hapo mwezi wa Shaabani nawapigia wagonjwa wangu wote wenye dawa za saa.

Kubwa zaidi lililoshindikana ni mkutano. Bwana shamba aliita kikundi cha umwagiliaji, watu ishirini na kitu wakaja, Mzee K. akasimama mbele yao akaonyesha mkono wake, na nadhani hakuna mhadhara ungeweza kufanya kilichofanywa na mkono ule. Glavu ziligawiwa. Miezi mitano baadaye nilipanda kuwatembelea. Wenye mashamba wengi walikuwa wameacha kabisa kupiga wenyewe. Nikafurahi, mpaka nilipomwona kijana wa miaka kama 17 akitoka kwenye mistari ya nyanya, mgongo umelowa, anafungua nozeli na kuipeleka mdomoni.

Vibarua wa kupiga dawa hulipwa kwa kila bomba wanalomaliza. Hawana shamba, kwa hiyo hawana zamu ya maji, kwa hiyo hawamo kwenye daftari, kwa hiyo hatukuwaita. Tuliwalinda wenye mashamba kwa kuhamishia bomba kwenye migongo michanga. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson katika watu zaidi ya 160,000, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Kijana huyu akija kutetemeka, atakuwa wapi, na nani atakumbuka alimpigia nani dawa?

Nilimweleza Mzee K. jioni ile. Hakusema neno. Mwezi uliofuata binti alinitumia picha ya ukurasa wa mwisho wa daftari. Baba yake alikuwa ameanza orodha mpya, ya vibarua wa bonde zima, kwa ajili ya mkutano wa pili: jina, umri, anampigia nani. Majina manne ya juu yalijaza mstari. La tano lilikuwa dogo. Kufikia la saba dozi ilikuwa imeisha nguvu, na nililazimika kumpigia simu anisomee.